Kocha na Namba Zinazojiandika

Mwanamume akikuachia nyumba tupu, shukuru. Wako wanaoondoka na nyumba, wakachukua na jina lako zuri, wakalitupia begani kama taulo. Kocha aliachwa hivyo.

Kabla hajaitwa Kocha alikuwa mke wa Misuli, na Misuli wakati huo alikuwa kijana wa kunyanyua vyuma nyuma ya gereji. Shule mwanamke huyu hakuikalia. Herufi alijifunzia kwenye pakiti za sabuni na mabango ya maduka, akaunga moja na nyingine mpaka zikasomeka. Lakini sauti alikuwa nayo. Akisema "Inua goti!" hata aliyekuja kwa kuburutwa aliinua. Walipofungua jimu yao, Misuli alijichukulia vyuma na kioo, na mkewe akachukua kila kilichobaki: kupokea watu, kuwapima, kuandika, kufagia, na kuwafundisha wanawake pamoja na wagonjwa wa sukari na presha waliotumwa na zahanati ya jirani. Wagonjwa ndio waliomwita Kocha, na jina likamkaa.

Kisha Misuli akapata wa kumsifia kifua asubuhi na jioni. Akaondoka na vyuma, akaondoka na kioo, akafungua jimu ya milango ya vioo mtaa wa pili. Hilo Kocha angelimeza. Wanawake wamemeza makubwa kuliko hilo na kesho yake wakaamka kuchemsha chai. Lililomkwama kooni ni jingine. Ili wagonjwa wa zahanati wamfuate yeye, Misuli alikwenda kusema kwamba zile namba za mazoezi alizokuwa akipeleka mkewe zilikuwa za kutunga. "Yule hajasoma," alisema, "anaandika kinachomjia kichwani." Zahanati ikamwamini mwenye kifua kipana. Wagonjwa wakahamishiwa kwake, akawabebesha vyuma, wakamkimbia mmoja mmoja, na mazoezi wakayaacha kabisa. Kocha naye akabaki na sifa ya uongo, na wanawake wachache wa mtaani waliokataa kuusikia. Alipanga chumba kirefu ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani, akaanza upya bila kitu zaidi ya kamba za kurukia na ile sauti yake.

Zahanati ilipopata nesi mkuu mpya, Kocha alifua raba zake, akazivaa zikiwa na unyevu bado, akaenda. Njia nzima alijiapiza kwamba hatalia.

Nesi alikuwa mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno.

"Nimekuja kuomba wagonjwa wangu," Kocha alisema.

"Wako?"

"Waliokuwa wangu. Wale wa sukari na presha. Nitawatembeza, nitawanyoosha, chuma hata kimoja hawatabeba."

Nesi alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Nimesikia habari zako, mama. Nimesikia namba zako zilikuwa za kutunga."

Masikio ya Kocha yakawaka moto. "Na aliyekuambia, ulimuuliza zake anazitoa wapi?"

Mtu mwingine angefukuzwa. Nesi alimtazama tu, kama anayemtazama mgonjwa aliyekataa sindano kwa sababu ya maana.

"Mimi sikuwepo," alisema. "Siwezi kusema ulitunga, siwezi kusema hukutunga. Ndiyo maana sitaki tena namba zinazopita mkononi mwa mtu, uwe mkono wako au wangu. Wagonjwa wana simu, na simu zina programu ya kuhesabu hatua. Sisi hapa tuna hifadhidata, majedwali yetu yote yamo humo. Nitakufungulia jedwali lako. Hatua zitoke kwenye simu, ziingie zenyewe kwenye jedwali, na mimi nizione hapa mezani. Ijumaa fundisha darasa lako kama kawaida, nitakuwa natazama. Zikiingia vizuri, kuanzia Jumatatu wagonjwa ni wako. Zisipoingia, kuna bwana mmoja wa mtaa wa pili naye ameomba."

Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja, manukato yake yalikuwa bado yamekalia kiti.

"Zitaingia," Kocha akasema, wala hakujua ni kwa mlango gani.

Aliyeujua mlango alikuwa wifi yake, dada wa Misuli, tumbo moja. Talaka ilikata ndoa, haikukata uwifi. "Kaka nilipewa," alikuwa akisema, "lakini wewe nilikuchagua. Sasa nani nimng'ang'anie?" Alifanya kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, na huko ndiko alikojifunza kuunganisha vitu hivi: mteja akiagiza kwa simu, oda inajiandika yenyewe kwenye jedwali la ofisi, tena yeye akiwa anakunywa maji yake.

Alikuja baada ya kazi, laptopu kwapani, akaiweka juu ya benchi la mazoezi. Jua lilikuwa bado limejaa dirishani.

"Usiniambie nijifunze lugha ya kompyuta," Kocha akamwahi.

"Lugha ya kompyuta mimi mwenyewe siijui hata kuisalimia. Hii ni ya kuvuta na kubonyeza. Tazama." Kwenye kioo pakatokea kijumba cheupe, halafu cha pili, halafu cha tatu, na mishale kati yao. "Hiki cha kwanza ni jirani mbeya. Amekaa kwenye programu ya mazoezi, kazi yake kutega sikio. Mtu akibonyeza 'maliza' tu, mbeya kasikia."

"Na cha pili?"

"Tarishi. Anauchukua ule umbea anaupanga: jina hapa, hatua hapa, mapigo ya moyo, yanayosomwa ukiweka kidole kwenye kamera ya simu, pale. Cha tatu ni karani wa zahanati. Anapokea na kuandika kwenye jedwali. Basi."

"Karani huyo ana mume wa kumwambia aandike nini?"

"Hana."

"Ana bahati." Kocha akavuta kigoda. "Nipishe hapo."

"Ngoja nikuonyeshe kwanza mpaka mwisho…"

"Nipishe, wifi. Nimechoka kufanyiwa mambo nimekaa pembeni."

Wifi akampisha. Kidole cha Kocha kilikuwa kinene na kilizoea kamba, na mshale wa kompyuta ulimtoroka kama kuku anayejua amekusudiwa. Aliudhibiti. Akakivuta kijumba cha mbeya, akakifuta kwa bahati mbaya, akakirudisha, akatukana taratibu. Akakiunga kwa tarishi, tarishi akamuunga kwa karani. Programu ya mazoezi ikauliza kama inaruhusiwa kutoa habari za mwenye simu. Akaruhusu. Jedwali la zahanati likauliza kama linaruhusiwa kupokea. Likaruhusiwa nalo.

"Mbona kila mtu anaomba ruhusa?" akashangaa. "Humu ndani kuna adabu kuliko ndoa yangu yote."

Ilibaki kujaribu. Alifunga simu kiunoni kwa kitambaa, akabonyeza "anza", akaruka kamba mpaka vumbi la sakafu likapanda, akaweka kidole kwenye kamera. Akabonyeza "maliza". Wote wawili wakainamia laptopu, vichwa vikigusana.

Hakuna kilichoandikwa.

"Mbeya kalala," Kocha akanong'ona.

Mara mstari ukachomoza. Ulikuwa mtupu, na sasa haukuwa mtupu. Jina lake lilikuwa pale, herufi zile zile alizojifunza kwenye pakiti za sabuni, na hakuna aliyeziandika. Wifi akasoma kimoyomoyo, kisha akashika mdomo.

"Nini? Nini?"

"Hongera, bibi. Umevuka miaka mia na kitu. Ngozi umeitunza."

Tarishi alikuwa amechukua mapigo ya moyo akayapeleka kwenye chumba cha umri. Walicheka mpaka Kocha akaketi sakafuni. Kisha akarudi kwenye kijumba cha pili, akayavuta mapigo ya moyo akayaweka panapostahili, akaruka kamba tena huku bado anacheka. Safari hii mstari ulipotokea ulikuwa sawa kabisa, kila kitu chumbani mwake.

Alipiga yowe. Si yowe la mchezo, la kweli, na wifi akalipokea, na wakashikana mikono wakawa wanarukaruka bila kamba. Fundi cherehani akapanda ngazi mbio, tepu shingoni, mkasi mkononi.

"Nani anapigwa?"

"Hakuna anayepigwa!"

"Basi punguzeni kelele. Nimemkata mteja mkono wa shati." Kisha akaona nyuso zao. "Kuna nini?"

"Namba zinajiandika, fundi!" Kocha akasema. "Njoo uone! Zinajiandika zenyewe!"

Siku zilizofuata alikwenda nyumba kwa nyumba kuunganisha simu za wanawake wake, na kila moja aliiunganisha kwa kidole chake mwenyewe. Wengine walifurahi. Wengine walihofu. Dobi, mwanamke wa mabega mapana aliyefua nguo za nusu ya mtaa, aliivuta simu yake nyuma.

"Kocha, kitu hiki kinajua nilipokwenda?"

"Kwa nini, ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote. Nauliza tu."

"Kinahesabu hatua, dada. Dhambi hakihesabu."

"Basi unganisha," Dobi akasema, "ila dhambi zikianza kutokea kwenye jedwali, tutakosana."

Kila mmoja alijaribiwa peke yake, simu imefungwa kiunoni, uani au kwenye korido ya nyumba yake. Kila mmoja mstari wake ulitokea. Kocha alitembea mitaani kwa hatua za kuchezacheza, na alipopita karibu na milango ya vioo ya mtaa wa pili hakugeuza shingo. Hakuhitaji kutazama. Alijua kwamba kwa mara ya kwanza tangu aachwe ana kitu ambacho Misuli hawezi kukichafua kwa mdomo.

Darasa la Kocha lilikuwa na sheria moja iliyojulikana kuliko jina lake. Zamani, katikati ya kuruka, simu ya mtu ililia, akapokea, na darasa zima likasimama kusikiliza harusi ya jirani ilivyovunjika. Tangu siku hiyo Kocha aliweka kapu la ukindu mlangoni. Kila aingiaye huweka simu humo, na Kocha hupaza sauti, "Simu kapuni!" Kapu lililindwa na mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye. Mama huyu alikataa mazoezi katakata. Magoti yangu yamestaafu, alisema, msiyasumbue. Alikalia kiti chake pale mlangoni, na agizo alilopewa lilikuwa moja: usiliache kapu, hata kwa dakika.

Ijumaa ikafika. Chumba kilijaa. Wanawake walikuja na nguo zao nzuri za mazoezi, kana kwamba nesi angewaona kupitia jedwali. Mama Pacha, aliyeteguka mguu, alikuja na bendeji yake akaketi benchini, maana alisema tukio kama hili hatasimuliwa.

"Anzisheni simu zenu!" Kocha akaamuru. "Kila mtu abonyeze 'anza'!"

Wakabonyeza. Na hapo, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake bila kuutazama, mdomo wake ukatoa ulichozoea kutoa miaka yote:

"Simu kapuni!"

Dobi alisimama na simu yake mkononi. "Kocha, hata leo?"

"Hata leo! Hasa leo! Nawajua, mtaanza kupiga picha."

Zikaenda kapuni, ya Kocha ikiwa ya kwanza.

Hakuwahi kufundisha vile. Waliinua magoti, walizungusha mikono, waliruka kamba mpaka vioo vya madirisha vikaingia ukungu na fundi chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Kocha aliona mbele yake, nyuma ya wanawake hawa, safu nyingine ya watu ambao bado hawajafika: wazee wa sukari, akina mama wa presha, wote wakiinua magoti. Aliimba hesabu badala ya kuitaja. Darasa lilipoisha hakuna aliyetaka kuketi. Mama akaleta kapu, wakazichukua simu zao kwa fujo, "maliza" ikabonyezwa huku na huku, na Kocha akafungua jedwali.

Mistari ilikuwa inatokea. Mmoja, mwingine, mwingine! "Zinaingia!" akapiga kelele, na chumba kizima kikapiga kelele naye, na Dobi akamnyanyua Kocha juu kama mzigo wa nguo.

Alipowekwa chini alitazama tena, na safari hii akatazama namba zenyewe.

Zilikuwa sawa. Jina hili na jina lile, msichana wa kuruka juu na bibi wa kuruka nusu, hatua zao zilipishana kidogo mno, kama watoto wa tumbo moja. Hata Mama Pacha, aliyekaa benchini tangu mwanzo na mguu wake wa bendeji, alikuwa ametembea kama wenziwe.

Simu ikalia mkononi mwake. Alikuwa nesi.

"Naziona, mama."

"Dada nesi, subiri kidogo…"

"Watu hawafanani hivi. Hata mapacha hawafanani hivi. Mashine haiandiki namba za namna hii. Zinaandikwa na mkono." Sauti yake haikuwa ya ukali, ingekuwa ya ukali ingemuuma kidogo. "Nilitamani sana usiwe hivyo. Leo kabla sijatoka kazini nitampigia yule bwana."

Ikakatika.

Wanawake walisikia, maana mtu akisemwa kwa sauti ya upole chumba chote husikia. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akimgusa bega. Kocha alibaki amesimama. Alichosingiziwa zamani sasa kilikuwa kimeandikwa kwa jina lake kwenye jedwali la zahanati, na aliyeiunganisha ile mishale ni yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

Wifi alikuja mbio wakati wa chakula cha mchana, hata kitambulisho cha ofisi hakukivua. Wakafungua laptopu. Wakamkagua mbeya: mzima. Wakamkagua tarishi: kila kitu chumbani mwake. Karani: mzima. Kila kijumba kilikuwa na alama yake ya kijani, kimetulia kama mtu asiye na kosa.

"Labda imechukua simu ya mmoja ikawaandikia wote?" Kocha aliuliza.

"Nimeangalia. Kila mstari umetoka kwenye simu yake. Wifi, nisikilize. Mtambo huu haujui kutunga. Hizi hatua kuna mtu amezitembea."

"Nani? Niambie nani! Mama Pacha ana mguu wa bendeji!"

Kwenye kiti chake mlangoni, mama alikuwa ameinua nguo mpaka magotini, anajipaka dawa ya kuchua, na harufu yake imejaa chumba.

"Mkimaliza kugombana na hicho kisanduku," alisema, "mtu anisaidie huku nyuma ya paja. Kapu lenu leo lilikuwa zito, sijui mlitia mawe."

"Kapu lilikuwa limekaa hapo, mama," Kocha akasema bila kugeuka.

"Limekaa? Mimi nimeambiwa nisiliache. Nimekwenda nalo chooni uani, kulikuwa na foleni, nikazunguka kupoteza muda. Nimekwenda nalo dukani kununua dawa ya kikohozi, hakuna, nikaenda duka la mbele. Nimeshuka nalo kwa fundi, kanisimulia habari za yule mteja wa shati, nikapanda, nikakumbuka sijasikia mwisho, nikashuka tena. Kutwa nzima niko njiani na simu zenu zinatetemeka humo ndani kama vifaranga."

Kocha na wifi wakatazamana.

Wifi ndiye aliyeanza, kicheko kikamtoka puani. Kocha akajishika kichwa. "Simu kapuni," akasema taratibu. "Mimi mwenyewe. Simu kapuni! Mama yangu wee! Mama, umewatembelea wote!"

"Nimemtembelea nani? Mimi sijamtembelea mtu, nimekwenda dukani."

"Mama, wewe ndiye uliyetembea hatua za darasa zima!"

"Mimi?" Mama akayatazama magoti yake kwa shaka, kama watu waliomsaliti. "Haya haya yaliyostaafu?"

Kocha hakusikia. Alikuwa ameshachukua simu na anatafuta raba.

"Unampigia?" wifi akauliza.

"Simpigii. Nikimpigia, nitakuwa sauti tu, na sauti yangu ameshaambiwa ni ya uongo. Nakwenda."

"Ngoja niombe ruhusa kazini, twende wote, nimweleze vijumba…"

"Vijumba nimeviunga mimi."

Alishuka ngazi mbili mbili. Njia ya zahanati alikuwa akiitembea, na leo aliikimbia, akiwapisha watu, akiruka mitaro, jasho la asubuhi likiamka upya. Alimkuta nesi amesimama kwenye mlango wa korido, anatoka kwenda kula, mkoba begani, simu mkononi. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye mabenchi pande mbili, wanasubiri majina yao.

"Umeshampigia?"

"Nilikuwa natafuta namba yake. Mama, tusivunjiane heshima mbele ya watu."

"Simu zilikuwa kapuni," Kocha akasema, akihema. "Nina sheria, simu zote zinakaa kapuni. Nimewaambia wabonyeze 'anza', halafu kwa mdomo wangu mwenyewe nikawaambia waweke kapuni. Na kapu anakaa nalo mama yangu, na mama yangu amezunguka nalo mtaa mzima kutafuta dawa ya kikohozi."

Kwenye benchi mtu alicheka, akajikaza. Nesi hakucheka.

"Hadithi nzuri," alisema.

"Usiiamini. Nani kakuambia uiamini? Nipe simu yako."

"Ya kwangu?"

"Hiyo hiyo uliyotaka kumpigia nayo. Ulisema hutaki kinachopita mkononi mwa mtu. Basi kipite mguuni mwako."

Nesi aliitazama ile simu, akautazama mkono ulionyooshwa mbele yake, mkono wa mwanamke asiyeurudisha. Akaitoa.

Kocha aliketi ukingoni mwa benchi, mgonjwa akasogea kumpisha. Hapakuwa na wifi wa kumwambia bonyeza hapa. Akafungua programu, akamsogezea nesi aandike neno lake la siri. Akaita kile kijumba cha kwanza. Ruhusa ikaombwa, nesi akaruhusu mwenyewe. Mshale. Kijumba cha pili: jina hapa, hatua hapa, mapigo pale, akayatazama mapigo mara mbili. Mshale. Cha tatu. Kijani, kijani, kijani. Akabonyeza "anza", akaibana simu kwenye mfuko wa sare ya nesi.

"Tembea, dada."

"Hapa?"

"Mpaka mwisho wa korido na kurudi. Inua goti!"

Sauti ile ikapiga kuta, na nesi mkuu, kabla hajajua anafanya nini, akainua goti. Wagonjwa wakageuza shingo pamoja. Alikwenda na viatu vyake vyeupe mpaka mwisho wa korido, akarudi, na katikati ya kurudi hatua zikawa zimechangamka. Akabonyeza "maliza". Akaingia ofisini, Kocha nyuma yake, na nyuma ya Kocha wagonjwa watatu ambao hawakualikwa. Wote wakaukodolea macho mstari mtupu kwenye kompyuta ya mezani.

Kocha aliuma mdomo wake wa chini.

Ukatokea.

"Ni mimi," nesi akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Ni jina langu."

"Sasa ngoja." Kocha akatoka, akaikimbia korido ile ile na simu yake kiunoni, akarudi. Mstari wa pili ukatokea chini ya ule wa kwanza, na namba hazikufanana hata kidogo: hatua zake zilikuwa chache kwa sababu alizirefusha, na mapigo yake yalikuwa yamepanda mpaka nesi akamshika kifundo cha mkono kuhakikisha. Akahesabu kwa saa yake ya ukutani. Akatazama jedwali. Akahesabu tena.

"Zinalingana," alisema.

"Zinalingana na nini?" Kocha akauliza, ingawa alijua. Alitaka kulisikia, maana alikuwa amelidai muda mrefu, na kwenye mji huu wanaodai haki zao kwa upole huzikwa nazo.

"Na ukweli," nesi akasema. "Nilikukosea asubuhi. Jumatatu nitakuletea wagonjwa."

Mzee mmoja wa benchini, mnene, mwenye bahasha ya dawa mapajani, akaingiza kichwa mlangoni. "Jumatatu mbali, binti. Na mimi nataka jina langu litokee."

"Kaa kwenye foleni, baba," nesi akasema.

"Nimekaa tangu asubuhi! Kukaa ndiko kulikoniletea hii sukari. Kocha, chukua simu."

Nyuma yake mwanamke wa presha alishainua ya kwake, na mwingine akawa anauliza kama ya mumewe inafaa, na akaambiwa haifai, ya mumewe aiache na mumewe. Nesi akamtazama Kocha. Kocha akamtazama nesi, machozi yanamtiririka hadharani baada ya kiapo chote kile, na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

"Simu mfukoni!" akapaza sauti. "Kila mtu mfukoni, au kiunoni, au kwenye soksi! Na tukianza, hakuna kukaa!"

Korido ikajaa miguu. Mabenchi yakabaki matupu. Daktari alifungua mlango wa chumba chake kumwita mgonjwa anayefuata, akakuta watu wanampita mbele ya pua, wanakwenda na kurudi, yule mzee mnene akiongoza na bahasha yake juu ya kichwa.

"Kuna nini hapa?" akauliza. "Wagonjwa wangu wako wapi?"

"Wanajiandika, daktari," nesi akajibu akipita, magoti juu. "Tupishe njia."